Nilifunga Goli, Nikaomba Radhi

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya. Tulikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, taulo viunoni, mwenyekiti wetu Malcolm Pargeter akaingia na kutangaza kwamba ana imani kamili na kocha.

Tuliposikia hivyo tukajua kocha kaisha. Mpira wa huku chini una lugha yake. Mwenyekiti akikutukana, una kazi mpaka Krismasi. Akisema ana imani nawe, anza kutafuta soksi zako.

Kocha mwenyewe alijua. Akachukua kikombe chake cha chai, akatoka, na hatukumwona tena.

Kwa wewe uliyechelewa: mimi ni Craig Halliwell, mshambuliaji, miaka thelathini na minne, goti moja zima na jingine la kubembeleza. Wenzangu wananiita Sanduku, maana kila klabu ninayofika sipewi muda wa kulifungua. Mama yangu zamani alikuwa ananunua skafu ya kila timu ninayojiunga nayo. Siku hizi anasubiri kwanza aone kama nitamaliza mwezi.

Sasa niko Marbeck Town, daraja la mwisho kabisa la Ligi. Chini yetu kuna timu za mafundi bomba na walimu wa hisabati, wanaocheza wakishatoka kazini.

Ilikuwa imebaki mechi moja. Tukishinda, tunabaki. Sare au kipigo, tunashuka, na tukishuka, kila ambaye mkataba wake unaisha anaambiwa kwaheri. Wangu ulikuwa unaisha.

Hayo ya mpira ningeyavumilia. Nimeshaambiwa kwaheri na watu wenye sauti nzuri na wenye sauti mbaya. Ya nyumbani ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Mke wangu Lorraine amefungua saluni hapa Marbeck, karibu na kanisa, na wateja wanapanga foleni. Binti yetu Beth, miaka kumi, kwa mara ya kwanza maishani mwake ana rafiki ambaye hajalazimika kuagana naye.

"Craig," Lorraine aliniambia asubuhi moja, anakaanga mayai, "mimi sikuchukii."

"Mbona umeanza hivyo?"

"Nasema tu ujue. Sikuchukii. Ila nikisikia tena neno klabu mpya, utakwenda wewe na sanduku lako. Mimi na Beth tunabaki hapa."

"Utaniacha?"

"Sikuachi. Wewe ndiye utakayekuwa unaondoka. Mimi nimechoka kupaka rangi kuta za nyumba za watu."

Beth akainua uso kwenye sahani yake.

"Kwani Baba, huwezi tu kufunga magoli?"

Mtoto hana adabu, lakini ana hoja. Msimu mzima nilikuwa sijafunga hata moja.

Jumanne akaja kocha mpya. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba, nikaona kwanza viatu vyake. Nikavitambua. Nikamwomba Mungu viwe vya mtu mwingine.

"Wewe tena?" akasema Ronnie Tattersall.

Msomaji wangu, huyu mzee ameshaniacha mara mbili, kwenye klabu mbili tofauti. Mara ya kwanza alinipigia simu nikiwa kwa daktari wa meno, mdomo umejaa pamba, akachukulia kwamba kimya changu ni kukubali. Mara ya pili alimtuma mfua jezi. Makocha wa huku chini hawaishi, wanazunguka tu. Ukimkimbia mmoja kaskazini, unamkuta kusini anakusubiri na filimbi.

"Habari za siku nyingi, bosi."

"Nilidhani umestaafu."

"Bado, bosi."

"Nilidhani nilikustaafisha mimi mwenyewe."

Chumba kizima kikacheka. Kipa wetu Dougie Rennie, Mskoti mwenye viganja kama sinia, ambaye ndiye rafiki yangu mkubwa pale, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi kamba yangu inabebwa na mtu yule yule, ananifuata nayo nchi nzima.

Kesho yake mwenyekiti akaenda redioni. Pargeter anauza masinki, vyoo na mahodhi ya kuogea, na jina la duka lake liko vifuani mwetu kwa herufi kubwa kuliko nembo ya klabu. Alikuwa anatafuta watu wa kujaza uwanja, ulimi ukamtangulia.

"Mchezaji yeyote atakayefunga goli la kutubakisha," akasema, "nampa mkataba wa miaka miwili. Na hodhi la kuogea!"

Dougie akanishika bega. "Umesikia, Sanduku? Miaka miwili! Hata mimi kipa nitapanda mbele."

"Wewe Halliwell usihangaike," Tattersall akadakia. "Utakuwa benchi. Ukisikia baridi sema, nitakuletea blanketi."

Basi siku ya mechi ikafika, na asubuhi yake habari zikaja kwamba mshambuliaji wetu namba moja, Leon Askew, ameteleza bafuni kwake akavunja kidole cha mguu. Aliteleza kwenye hodhi alilouziwa na mwenyekiti. Tuliambiwa tusiliseme hilo mbele ya waandishi.

Wapinzani wetu walikuwa Stainrigg Rovers. Wao sare iliwatosha. Wakifungwa, wanashuka wao.

Na hapa lazima nikueleze jambo, maana ndilo lililoniponza. Sisi wachezaji tuna adabu yetu. Ukifunga dhidi ya klabu uliyowahi kuichezea, hushangilii. Unainua viganja viwili, unainamisha kichwa, unawaomba radhi waliokulisha. Mchezaji wa kawaida hulifanya hilo mara moja au mbili maishani mwake. Mimi nusu ya daraja zima ni klabu zangu za zamani. Zamani nilipojisahau nikashangilia, shabiki mmoja alinirushia pai ya figo, ya moto, ikanipata shingoni. Tangu siku hiyo mikono yangu inapanda yenyewe. Mazoea yana tabu.

Na Stainrigg nilikaa. Vuli moja tu, kwa mkopo. Sikufunga goli, niliumia goti, nikaondoka kwa treni.

Mechi ilikwenda bila goli mpaka karibu na mwisho. Mvua inanyesha, watu wetu wamenyamaza, wanawake wanauma kucha. Tattersall akageuka kutazama benchi. Akatazama tena. Alikuwa kama mtu anayefungua friji tupu mara ya tatu akitumaini chakula kimeingia chenyewe.

"Haya, Halliwell. Ingia. Kaa mbele, usimguse mtu, usiguse kitu."

Nikaingia. Beki wao, pande la mtu aitwaye Hobbs, akaja kunipumulia kisogoni.

"Mzee, umekuja kumtafuta mjukuu?"

"Kijana, nilicheza kwenu ukiwa bado unanyonya."

"Ulicheza kwetu? Lini?"

"Uliza watu."

"Nimuulize nani, mzee? Makaburini?"

Tukapata kona. Mpira ukapigwa. Mimi sikuuona, kwa sababu nilikuwa nimegeuka kumjibu Hobbs, tena nilikuwa na jibu zuri. Kitu kikanigonga kisogoni, pwaa! Nikaona nyota. Nilipogeuka, kipa wao amelala chini na mpira uko wavuni.

Goli. Wallahi, goli.

Uwanja ukalipuka. Na mikono yangu, mikono hii iliyolaaniwa, ikapanda. Kichwa kikashuka. Nikasimama mbele ya jukwaa la watu wa Stainrigg, watu ambao kisogo changu kimewatupa nje ya Ligi sasa hivi, nikawaomba radhi kwa heshima zote.

Wakanitazama. Wakatazamana. Kisha wakaanza kuimba, taratibu, jukwaa zima.

"We nani? We nani? We nani wewe?"

Hakuna hata mmoja aliyenikumbuka. Hata mmoja!

Nyuma yangu kelele zikapungua. Wenzangu waliokuwa wanakuja mbio kunirukia wakapunguza mwendo, kisha wakasimama. Dougie akatoka golini kwake, akakimbia uwanja mzima, akafika anahema.

"Sanduku! Nani kafa?"

Dakika tatu baadaye filimbi ya mwisho ikalia. Tumebaki! Watu wakamwagika uwanjani. Wakambeba Dougie. Wakambeba Tattersall, aliyekuwa na siku nne kazini. Wakambeba mkata nyasi. Mimi wakanipita kama nguzo ya taa.

Nikasema watanisamehe kesho. Kumbe ndiyo kwanza kunakucha.

Jumatatu gazeti la mji liliweka picha yangu ukurasa mzima, viganja juu, kichwa chini, na maneno: GOLI NI LETU, MOYO NI WAO. Redioni watu walipiga simu mchana kutwa. Mmoja akasema aliniona nikilia. Mwingine akasema alinisoma midomo, nilikuwa nasema "nisameheni ndugu zangu". Nilikuwa nimefumba mdomo, jamani, na maji usoni yalikuwa ya mvua.

Nikaenda kibanda cha Edna Cropper, mama anayetuuzia pai pale nje ya uwanja tangu enzi za mumewe.

"Edna, nipe moja ya nyama."

"Zimekwisha."

"Mbona naziona hapo zinatoa moshi?"

"Hizo ni za watu wa Marbeck."

"Edna, si mimi niliyefunga?"

"Najua. Nilikuwepo. Ukamaliza kufunga, ukaomba msamaha."

"Sikuwaomba nyinyi, niliwaomba wale..."

"Ndiyo maana zimekwisha."

Asante ya punda ni mateke. Nilirudi nyumbani na njaa yangu, nikamkuta Lorraine amekaa kwenye ngazi, koti hajalivua.

"Bi Pickles ametoka saluni leo," akasema, "rangi imemkolea nusu kichwa."

"Nusu?"

"Nilikuwa namalizia upande wa kushoto. Mtu akamnong'oneza kuwa mimi ni mke wako. Akachukua mkoba."

Nilisikia aibu, ukweli ni huo. Mwanamke kajenga kitu kwa mikono yake, na kisogo changu kinakibomoa.

"Mkataba umesaini?" akauliza.

"Bado."

"Bado kwa nini, Craig? Mtu alisema redioni, mji mzima umesikia."

"Mwenyekiti ameniita kesho."

Kesho yake nikaenda. Mwenyekiti yuko nyuma ya meza, Tattersall yuko pembeni anakula biskuti.

"Craig, ahadi ni ahadi," akaanza Pargeter.

"Asante, mwenyekiti."

"Lakini."

Nikakaa.

"Watu wamegoma kununua tiketi za msimu ujao. Wanasema hawawezi kumlipia mtu wa Stainrigg."

"Mimi si mtu wa Stainrigg! Nilikaa pale vuli moja!"

"Sasa kwa nini uliwaomba radhi?"

"Adabu, mwenyekiti."

"Adabu," akarudia, kama jina la mji ambao hajawahi kufika.

Tattersall akameza biskuti. "Mimi msimamo wangu unajulikana. Hakufunga, aligongwa. Alikuwa anapiga soga na beki."

"Ronnie, mwanasheria anasema kisogo ni sehemu ya mwili." Mwenyekiti akanigeukia. "Craig, utashangilia."

"Nitashangilia nini?"

"Goli lako. Jumamosi."

"Jumamosi hatuna mechi."

"Ndiyo maana uwanja uko wazi."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Kiingilio bure, bendi ya shule itapiga, Dougie atakaa golini, kona itapigwa, nitafunga kwa kichwa kama siku ile. Halafu nitakimbia mpaka mbele ya jukwaa letu, nitapiga magoti niteleze, nitabusu nembo. Meza itawekwa katikati ya uwanja na mkataba juu yake. Nikitoka kubusu, nakwenda kusaini, watu wanapiga makofi, wanapita dirishani kununua tiketi.

"Na goti lake?" Tattersall akauliza. "Mimi silipwi kufundisha wagonjwa. Nikimwona anachechemea hata hatua moja kabla ya kusaini, mkataba mniachie mimi niuchane."

"Goti lake likoje?"

"Liko salama, mwenyekiti," nikasema.

"Basi ni haki hiyo. Akichechemea, hakuna mkataba."

Tattersall akanipa biskuti moja. Kwa tabia yake, hiyo ni dalili mbaya.

Jioni ile tulisogeza makochi sebuleni nikafanya mazoezi juu ya zulia. Nikakimbia kutoka jikoni, nikapiga magoti, nikainua ngumi.

"Baba," akasema Beth, "unaonekana kama umeangusha kipuli cha Mama."

Nikarudia.

"Sasa umekipata."

Lorraine akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha akaacha kucheka, akapiga magoti pale kwenye zulia, akaweka kiganja juu ya goti langu la kulia.

"Usiteleze," akasema. "Kimbia, rusha ngumi, busu nembo, inatosha."

"Mwenyekiti anataka kuteleza."

"Mwenyekiti anataka kuuza mahodhi. Mimi goti hili nimelikanda miaka kumi na minne, nalijua. Craig, nisikilize. Leo nimeongeza mkataba wa pango la saluni, miaka miwili. Nimeshatia sahihi yangu."

"Kabla sijatia yangu?"

"Kabla hujatia yako. Ukitaka kuniaibisha, una nafasi."

Sijawahi kupewa pasi nzuri kama ile. Ningelia, lakini Beth alikuwa ananitazama.

Daktari wa timu alinipima Ijumaa. Akalipinda goti, akalinyoosha, likalia kama mlango wa kanisa. "Litavumilia," akasema. "Usilichokoze tu."

Jumamosi ikafika. Na sasa ndugu zangu, ninyi mnajua Marbeck mvua hunyesha hata kwenye harusi. Wiki nzima ile, jua. Jua la kuanika mashuka. Mkata nyasi, baada ya kubebwa juu juu, alikuwa amejipa likizo, na hakuna aliyemwagilia uwanja.

Watu walijaa kuliko mechi yoyote ya msimu. Hawakujaa hivi tulipokuwa tunapigana kubaki. Wazee walivaa skafu kwenye jua lile. Bendi ikapiga. Lorraine na Beth walikaa mstari wa mbele, na nyuma yao viti vitupu, maana watu walikuwa bado hawajaamua.

Kona ikapigwa. Nikaruka, nikaupata mpira sawasawa, kichwa kizuri kuliko vyote nilivyopiga maishani.

Dougie akaudaka.

Akaukumbatia kifuani.

"Dougie!"

"Samahani, Sanduku. Mazoea."

Wakacheka, nashukuru, wakacheka. Kona ya pili ikapigwa. Nikapiga kichwa, Dougie akaanguka upande wa pili huku amefumba macho, na mpira ukaingia.

Nikakimbia. Nikaliona jukwaa letu linasimama. Namwona Edna. Namwona Bi Pickles, bado nusu kichwa. Na nilikuwa nimeshaamua kumsikiliza mke wangu, naapa, ngumi na nembo basi. Lakini watu walikuwa wananyoosha mikono, wanapiga kelele "Teleza! Teleza!" na katika maisha yangu yote ya mpira hakuna uwanja uliowahi kuniomba kitu zaidi ya kutoka.

Nikateleza.

Wahenga walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Yangu mimi ilikuwa kinyume. Siku ya kuteleza, nyasi zote zilishika. Magoti yakabaki pale pale, mwili ukaendelea na safari. Goti la kulia likasema ko.

Halikusema kwa nguvu. Nililisikia mimi peke yangu.

Nikabusu nembo kwa sababu midomo yangu ilikuwa imeshafika pale. Machozi yakatoka, si kidogo.

"Analia!" mtu akapiga kelele. "Safari hii analia kwa ajili yetu!"

Basi tena. Wanaume wazima wakaanza kufuta macho. Edna akanyoosha mkono juu ya uzio, na mkononi ana pai.

"Chukua mwanangu! Ya nyama! Bure!"

Kipaza sauti kikanguruma. "Craig Halliwell!" Ni mwenyekiti. "Sasa aje asaini!"

Nikatazama nyuma. Meza ilikuwa katikati ya uwanja, ina kitambaa cheupe. Pembeni yake amesimama Tattersall, mikono kifuani. Watu wote walikuwa wananitazama uso. Yeye alikuwa anatazama miguu.

Nikajaribu kuinuka. Goti likakataa.

Beth ndiye aliyefika kwanza. "Baba, tumebaki! Inuka!"

"Nakuja, mama. Nafurahi kwanza."

Halafu nikaona viatu vya Lorraine. Ameruka uzio, na sketi yake ya kazini. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya watu, lakini macho yake yalikuwa makavu.

"Lipi?"

"La kulia."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Beth, chukua pai, tangulia mbele yetu. Craig, nishike kiunoni. Uzito wote kwangu. Cheka. Hatua ndogo, kama bwana harusi."

Akaniinua. Yule mwanamke ni mfupi, sijui nguvu ile aliitoa wapi. Tukaanza kutembea, mume na mke, tumekumbatiana, mtoto mbele na pai. Jukwaa likasema "Aaaa!" Bendi ikabadilisha wimbo. Bi Pickles akasikika anasema kwamba upendo kama huo haupo siku hizi.

"Inauma?" Lorraine akaninong'oneza bila kuacha kutabasamu.

"Sana."

"Vizuri. Tembea."

Tukatembea. Tattersall hakuondoa macho miguuni, lakini angeona nini? Aliona watu wawili wanaopendana wanayumba pamoja. Tukafika mezani. Nikaiegemea ile meza kama mtu aliyezidiwa na furaha. Mwenyekiti akanipa kalamu. Nikaandika C. Nikaandika r.

"Ngoja! Ngoja kidogo!"

Alikuwa mpiga picha wa gazeti, yule yule wa viganja juu.

"Kabla hajasaini, picha ya danadana. Hatujawahi kumtoa gazetini mchezaji aliyesajiliwa bila danadana."

"Mimi si mchezaji mpya," nikasema haraka. "Nipo hapa mwaka mzima."

"Ni desturi," akasema Tattersall. Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kwenye klabu tatu, nikaona meno yake yote. Akaokota mpira chini ya meza. "Danadana tano tu, Halliwell. Hata kipa huziweza. Kalamu itakusubiri."

Akanichukulia kalamu mkononi, taratibu, kwa adabu.

"Danadana!" jukwaa likaitikia. "Danadana!"

Lorraine alinitazama. Nilihisi mkono wake ukikaza mgongoni kwangu.

Tattersall akaurusha mpira, juu, kuelekea mguu wangu wa kulia. Na mke wangu akaniachia, maana hakuna mchezaji duniani anayepiga danadana huku ameshikwa na mkewe.